Kipaji cha Mtoto ni Amana

Wazazi wapenzi, mtoto arudipo kutoka shule akiimba, au achorapo ng'ombe ukutani kwa mkaa, wengi wetu humkemea: "Acha upuuzi, kashike hesabu!" Lakini katika Kitabu cha Kutoka, Mungu mwenyewe alimjaza Besaleli roho ya ufundi, apate kuchonga na kufua dhahabu kwa ajili ya Hema takatifu. Je, huo nao ulikuwa upuuzi?

Hapa petu Ugogo, marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliwapelekea watu wa Ulaya sauti ya zeze na ilimba, nao wakamsikiliza kwa heshima. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulitaka muziki wa jadi wa mataifa ustawishwe shuleni na katika ibada.

Hesabu ni lazima. Lakini aimbaye pamoja na wenzake hujifunza kusikiliza, kungoja zamu yake, na kuitiisha sauti yake kwa ajili ya wote. Siku ya hukumu tutaulizwa habari za talanta ya mtoto; ole wetu ikiwa tuliifukia sisi wazazi. Basi, jioni hii mwiteni aimbe, nanyi mkae mmsikilize.