Dawa ya Kifafa na Gharama ya Ukumbusho

Wazazi watuuliza: Je, ni halali kumpa mtoto dawa izuiayo kifafa, ikiwa dawa ile ile yaweza kupunguza ukumbusho wake? Wengine wamekwisha kujibu kwa matendo, maana huitupa kwa siri. Neno hili si dogo, na tulipime.

Wataalamu wamelipima kwa wanyama. Mwaka 1938 Merritt na Putnam wa Boston, Marekani, walitangaza habari ya fenitoini, waliyoijaribu kwa paka walioshtuliwa kwa umeme. Baadaye ukumbusho nao ukapimwa. Panya hutiwa katika birika la maji yaliyotiwa weupe, na chini yake kimefichwa kibao cha kusimamia. Njia hii Richard Morris aliiandika mwaka 1981. Panya mzima, akizoezwa siku chache, hukiendea kibao upesi. Asiyekumbuka huzunguka tu. Tena mwaka 2002 watafiti wa Berlin walionyesha ya kuwa fenobabitali, fenitoini na dawa nyingine za kifafa, wakipewa panya wachanga, zaweza kuua chembe nyingi za ubongo unaokua.

Basi, je, waitupao dawa wana haki? Hasha! Panya wale hawakuwa na kifafa. Walionyesha hasara ya dawa pasipo faida yake. Panya wengine, walioshikwa na kifafa mara nyingi katika uchanga wao, nao walichelewa kukiona kibao. Kwa hiyo mgonjwa hachagui kati ya dawa na ukumbusho mkamilifu. Achagua kati ya hasara mbili. Na aachaye dawa ghafula aweza kushikwa na kifafa mfululizo, hata kufa.

Yatupasa nini, basi? Tabibu na aseme kweli yote, asifiche hasara ili atiiwe. Mzazi aonaye mtoto amekuwa mzito wa akili na arudi kwa tabibu, ili kipimo kipunguzwe au dawa ibadilishwe kidogo kidogo. Nanyi walimu, mtoto huyo akisahau somo la jana, msimpige wala msimwite mvivu. Mrudieni somo kwa upole. Asiyeweza kushika mafundisho kwa moyo hakupungukiwa utu, wala Mungu hakumsahau.

Na wanyama je? Faida yetu peke yake haihalalishi maumivu yao. Watuwia deni: wasitumiwe ovyo, wala pasipo haja, na maarifa yaliyopatikana kwao yasipuuzwe. Ajuaye hasara ya dawa, asiseme neno, huwafanya kuwa wameteswa bure. Naye aitupaye dawa kwa kuisikia nusu ya habari hufanya vivyo hivyo, tena kwa hatari ya mtoto wake mwenyewe.