Je, Yafaa Kuufanya Mpya Mkono wa Gia wa Kale?

Wasomaji wengi wameuona mpini wa jembe uliotumika miaka mingi, jinsi ung'aavyo mahali pa kushikia kuliko siku ile ulipochongwa. Kitu cha namna hiyo kimo katika magari ya zamani ya mwendo wa kasi, nacho ni kirungu kilicho juu ya mkono wa gia. Kiganja cha dereva hukishika mara nyingi katika safari moja, hata rangi yatoka, na alama zionyeshazo mahali pa kila gia zafifia. Basi mwenye gari akifanye kipya, au akiache? Wako watakaocheka, wakisema si neno la kumshughulisha mtu mzima. Mimi naona ndani yake mna swali la ukweli.

Tutwae mfano wa gari liitwalo MGB, lililoundwa Abingdon, Uingereza, tangu 1962 hata 1980, zaidi ya magari 500,000. Mengi yangali yakiendeshwa, na vipande vipya vyake vyanunulika. Kirungu hufunguliwa kwa kuzungushwa, nacho kipya hufungwa vivyo hivyo. Si kazi ya fundi mkuu. Kikiwa cha mti, hupigwa msasa, mkali kwanza kisha laini, kwa kuufuata mkondo wa mti, halafu hupakwa vanishi nyembamba mara kadhaa, na kila tabaka lingojewe likauke. Mwenye haraka huharibu hapo.

Lakini mkono wa gia hauishii pale panapoonwa na macho. Chini ya mfuko wake umekalia tufe la chuma, na ncha yake ya chini huwa na kipande kidogo cha kuzuia mtikisiko. Kikilika, mkono wote hucheza na kugongagonga. Bei yake ni ndogo, wala hakuna mgeni atakayekisifu. Kwa hiyo watu hung'arisha juu na kuacha chini. (Kelele za gia ya kwanza ni habari nyingine: MGB zilizoundwa kabla ya mwisho wa 1967 hazikuwa na chombo cha kuilainisha gia hiyo ipate kuingia hali gari likienda, na kirungu kizuri namna gani hakiwezi kuliondoa hilo.) Namheshimu zaidi aliyebadili kipande cha chini, akakiacha kirungu na makovu yake.

Sasa tufikiri habari ya kuuza. Saa ya maili ya gari hili huonyesha tarakimu tano tu za maili nzima. Ikipita 99,999 hurudi sufuri. Saa isomayo 20,000 yaweza kuwa na maana ya 120,000, wala haikusema uongo. Basi mnunuzi mwenye akili hutazama mashahidi wengine: mipira ya pedali, kiti, na kile kirungu. Mtu akiviondoa vyote na kutia vipya, kisha akanyamaza, amewafunga mashahidi vinywa. Yamkini atajitetea, "Sikuulizwa." Lakini alijua mnunuzi angesoma nini katika kirungu kile, na kwa ajili hiyo alikibadili. Kunyamaza kwake ni usemi.

Hata hivyo sikubaliani na wale wasemao kitu cha kale kisiguswe kabisa. Gari liliundwa liendeshwe. Kirungu kisicho na alama chaweza kumponza dereva mgeni, asijue gia ya nyuma iko wapi. Na kilichopasuka huumiza kiganja. Kukitengeneza kwa matumizi si udanganyifu hata kidogo, kama vile kuutia mpini mpya katika jembe la babu si kumkana babu. Kazi ni ile ile, msasa ni ule ule. Tofauti iko katika yule atakayekitazama baadaye, na katika lile aliloambiwa.

Wenye magari haya walio waangalifu wana desturi moja nzuri: kile cha zamani hawakitupi. Hukifunga katika kitambaa, wakakiweka sandukuni pamoja na hati za matengenezo, na siku ya kuuza humpa mnunuzi vyote. Naye akikishika mkononi, akaona jinsi kilivyolika, ataijua mwenyewe bei ya kutaja.