Mtandao ukikatika, ukweli usikatike

Hivi karibuni nilipanga foleni katika ofisi moja hapa mjini tangu saa mbili asubuhi. Kila aliyefika dirishani alijibiwa hivyo hivyo: "Mtandao unasumbua, subirini kidogo." Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu, ambaye alimwacha mgonjwa nyumbani, alisubiri mpaka saa saba mchana. Ndipo mlinzi akatunong'oneza kuwa mtambo ulikufa tangu jana yake na fundi hajapatikana. Mama yule hakuulaumu mtambo. Alisema tu: "Wangeniambia asubuhi, ningerudi kwa mwanangu."

Tangu siku ile najiuliza: anayesema "kidogo" ilhali hajui ni lini, je, hajasema uongo?

Mtambo kuharibika si aibu. Januari 31, 2017, kampuni ya GitLab, inayowatunzia watengenezaji wa programu kazi zao, ilipatwa na balaa. Fundi wao, usiku, alidhani anafuta kumbukumbu katika kompyuta ya akiba, kumbe yupo katika ile kuu. Walipokimbilia njia zao za akiba, wakakuta hazifanyi kazi ilivyotarajiwa. Wangeweza kusema "tunafanya matengenezo" na kunyamaza. Badala yake waliweka hadharani waraka unaoeleza kilichofutwa, kinachojaribiwa na kilichoshindikana, na wakaonesha kazi ya uokoaji moja kwa moja kwenye intaneti. Taarifa za takriban saa sita zilipotea, na hilo pia wakalisema.

Februari 28 mwaka huo huo, ikawa zamu ya Amazon. Ghala lake la kuhifadhi taarifa lilipata hitilafu, na ukurasa wa kuwajulisha wateja hali ya mitambo ulitegemea ghala hilo hilo. Kwa karibu saa mbili ukurasa ule haukuweza kurekebishwa, ukawa unaonesha kila kitu ni salama wakati watu wamekwama. Hapo hakuna aliyekusudia kudanganya, lakini wateja walidanganyika. Ndiyo kusema, ukweli nao unahitaji kuandaliwa njia yake mapema.

Wapo watakaosema kuwa kueleza kila kitu ni kuwafungulia wezi mlango na kuivunjia ofisi heshima. Sikatai, zipo siri za ulinzi. Lakini mteja haombi ufunguo. Anataka mambo matatu: kipi hakifanyi kazi, kipi bado hamjakijua, na aje kuuliza tena saa ngapi. Hata "hatujui" ni jibu, kwa sababu linamwachia aamue mwenyewe asubiri au aondoke.

Muda wa watu ni amana. Anayemzuia mtu foleni kwa neno asilo na uhakika nalo amechukua kitu ambacho hawezi kukirudisha, hata mtambo ukipona.

Pale mlangoni, karatasi moja na kalamu vingetosha.