Gari la Kale, Gari Jipya, na Kiti cha Nyuma



Kila Jumapili baada ya ibada, chini ya mwembe ulio nje ya kanisa, huzuka ubishi usio na mshindi. Wazee husema kwamba magari ya kweli yalikwisha zamani, na haya ya sasa ni makopo yenye taa nyingi. Vijana hujibu kwamba gari la kale ni chuma chakavu kinachofaa kupigwa picha tu. Wa kwanza husema ya kale ni dhahabu. Wa pili husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Sisi tumekuwa upande wa wazee siku zote, maana tunalo Peugeot 404 la miaka ya sitini. Walakini mwaka huu neno moja la binti yetu limetufanya tuufikiri upya ubishi huu.

Kwanza tuwatendee haki wapenzi wa magari ya kale, kwa kuwa mapenzi yao yana sababu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakapita katika vumbi na tope la Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yaliyoshinda yalikuwa ya aina zile zile watu walizoziona barabarani kila siku. Peugeot 404 lilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1966 na 1967 aliyeshika usukani wake alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania. Naye Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 kwa Volvo lililokwisha kutumika. Mtu aliyekuwa mtoto siku zile, akasimama kando ya barabara akingoja vumbi litokee, hawezi kuliona gari la namna hiyo kama chuma tu. Ndiyo maana tangu mwaka 2003 yako mashindano ya Safari ya magari ya kale peke yake.

Tena gari la kale humfunza mwenyewe. Gia za gari letu ziko kwenye usukani, na kabureta yake fundi aweza kuifungua juu ya gunia, akaisafisha, akairudisha, nasi tukaondoka. Husikiliza sauti yake kama mwalimu amsikilizavyo mwanafunzi: kikohozi hiki ni cha plagi, kilio kile ni cha beringi. Gari jipya likiugua huwasha taa, na mwenyewe hajui kitu mpaka aje fundi mwenye kompyuta. Kukijua kitu chako, kukitunza na kutokitupa upesi ni tabia njema, wala hatuoni haya kuisifu.

Lakini sifa hizo zote ni za mwenye gari. Abiria je?

Wakati wa likizo mjukuu wetu wa miaka sita alikuja kututembelea, nasi tukataka kumpeleka mjini kwa gari letu. Binti yetu akasema kwa adabu, “Baba, samahani, naomba mtoto asipande.” Tukaudhika. Tukamkumbusha kwamba yeye mwenyewe alikua katika kiti kile cha nyuma, wakibanana watoto sita, na hakuna aliyeumia. Akajibu, “Baba, hatukuumia kwa sababu hatukugongwa.”

Tulinyamaza. Tumefundisha hesabu miaka mingi, na hoja ile hatukuweza kuitoa kosa.

Wazee hujisifu kwamba bodi la gari la kale halibonyei. Ni kweli kwamba ni gumu. Lakini kishindo cha ajali lazima kiishie mahali. Magari ya sasa yameundwa ili sehemu ya mbele ikunjike makusudi, chuma kipokee kishindo kabla hakijamfikia mtu. Chuma kisipopokea, hupokea kifua cha dereva na kichwa cha mtoto. Mkanda wa usalama unaopita begani na kiunoni ulibuniwa na Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959, na kampuni hiyo ikawaruhusu watengenezaji wengine wautumie. Ndipo ikaja mifuko ya hewa, na breki zinazozuia magurudumu yasikwame na kuteleza. Gari letu lina breki za ngoma, na kiti cha nyuma hakikuwa na mkanda hata mmoja. Kadhalika tusisahau kwamba petroli ya siku zile ilitiwa madini ya risasi, ambayo hudhuru akili za watoto. Nchi zetu ziliiacha kufikia mwaka 2006. Si kila cha kale kilikuwa dhahabu. Kingine kilikuwa sumu.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, iko amri kwamba mtu ajengaye nyumba aweke ukingo darini, asije mtu akaanguka. Amri hiyo haiulizi kama nyumba ni nzuri, wala kama mwenyewe aipenda. Yauliza habari za mgeni atakayepanda juu. Twaona kwamba hapo ndipo ubishi wa mwembeni unapokosea njia. Tunabishana juu ya dari, na ukingo tumeusahau.

Wala wenye magari mapya wasifurahi upesi. Tumeona gari la juzi, lenye mifuko ya hewa sita, na mtoto amesimama katikati ya viti vya mbele huku baba yake akiongea na simu. Tumeona taa ya hatari imebandikwa karatasi isimsumbue dereva. Ukingo usiotumika si ukingo, na dereva anayekwenda mbio kwa kutumainia mkanda ameugeuza kuwa mtego.

Basi tumefanyaje? Gari hatukuliuza. Fundi ametufungia mikanda, lakini tunajua kwamba mkanda haugeuzi breki wala bodi. Kwa hiyo twaliendesha mchana, polepole, mpaka kanisani na sokoni, na barabara kuu tumeiacha. Mjukuu husafiri katika gari dogo la mama yake. Tusifiche: lilituuma, maana twapenda kuonekana naye ndani ya gari letu. Lakini yeye hutusaidia kuliosha, na sasa ajua plagi ni ipi na kabureta ni ipi.

Jumapili ijayo ubishi utakapoanza tena, tunaomba kabla ya kuuliza gari ni la mwaka gani, tuulizane kwanza: nani atakaa kiti cha nyuma?