Maharage ya Sahani Yetu na Haki ya Mkulima



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu zangu katika imani, hapa Uganda hakuna mwanafunzi asiyejua posho na maharage. Tunavila mchana, tunavila usiku, na tukivichoka tunavitania. Leo nataka tumtazame aliyeyalima maharage hayo.

Nimezaliwa katika nyumba ya wakulima. Kwetu maharage hupandwa mara mbili kwa mwaka, kwa mvua za Machi na za Septemba. Ni zao lenye baraka: mizizi yake hukaa bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani, na udongo hupata rutuba bila mbolea ya dukani. Lakini shida ya mkulima huanza kabla ya mavuno. Maganda yangali mabichi, karo ya watoto inadaiwa, na mlanguzi anafika na pikipiki yake. Ananunua shamba zima kwa bei ya kutupa. Wengine husubiri mavuno, kisha huja na debe lililogongwa likatanuka.

Sharia haikunyamazia hayo. Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza mazao yaliyo shambani kabla hayajaonyesha kukomaa. Alikataza kuwalaki wenye bidhaa njiani kabla hawajafika sokoni na kujua bei. Na Surat Al-Mutaffifin inaanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo.

Mtu atauliza: basi mkulima mwenye shida afanyeje? Riba ni haramu, kuuza mabichi kumekatazwa, na watoto wamefukuzwa shule. Jibu ni bai' salam. Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda mapema, mwaka mmoja hata miwili. Hakuwazuia. Aliwaagiza kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Mnunuzi hulipa bei yote siku ya mapatano. Muuzaji hudaiwa kilo maalumu za aina maalumu, si mazao ya shamba fulani. Muda ukifika na maharage hayapatikani, mnunuzi husubiri, au hurudishiwa pesa zake zilezile bila nyongeza.

Sasa tujitazame sisi. Kila Ramadhani jumuiya yetu huchanga na kununua maharage ya futari sokoni, siku za mwisho, bei ikiwa juu. Ramadhani ya miaka hii inaangukia mwanzoni mwa mwaka, muda mfupi baada ya mavuno ya Desemba. Kwa nini tusichange Septemba, tukawalipa wakulima kwa salam wakati wanapohitaji mbegu na karo? Wenzetu wa uhasibu waandike mkataba, wa kilimo wakague ubora, nasi wa masomo ya Kiislamu tusimamie masharti. Ila bei iwe ya haki. Tukiitumia dhiki ya mkulima kumbana, tutakuwa walanguzi wenye kanzu.

Mkulima naye ana wajibu wake. Surat Al-An'am, aya ya 141, inaamrisha haki ya mazao itolewe siku ya kuvunwa. Katika madhehebu ya Shafi, maharage, kunde na dengu ni vyakula vya kuwekwa akiba, hivyo vina zaka vikifikia wasaki tano: sehemu ya kumi kwa kilimo cha mvua, nusu yake kwa kilimo cha kumwagilia kwa gharama. Walio na wazazi wakulima wawakumbushe kwa adabu.

Ndugu zangu, tunasoma mlango wa salam, tunaufanyia mtihani, kisha tunaufunga pamoja na kitabu. Mkulima anauhitaji shambani. Naomba suala hili liwekwe katika ajenda ya mkutano wetu ujao.

Ewe Mola, wabariki wanaotulisha, na utujaalie chumo la halali. Amin.

Wabillahi tawfiq.