Fedha na Vitu Visivyouzwa

Misitu inapokwisha na bahari inapopata joto, wepesi wetu ni kuilaumu tamaa. Lakini tamaa ni ya zamani kuliko kiwanda cha kwanza. Kilicho kipya ni fedha ya aina moja iliyopewa ruhusa ya kununua kila kitu, na hapo ndipo ninapoliona kosa. Mwanaanthropolojia Paul Bohannan, aliyewachunguza Wativ wa Nigeria baada ya Vita Kuu ya Pili, alieleza jinsi mabadilishano yao yalivyotengwa: viazi vikuu, nafaka na kuku vilikuwa na uwanja wao; ng'ombe, vitambaa vyeupe na fimbo za shaba vilikuwa na wao; ardhi haikubadilishwa na chochote. Sarafu ya kikoloni ilibomoa mipaka hiyo, na chakula cha nyumbani kikaanza kuondoka kwa malori. Mfumo ule haukuwa pepo, maana wanawake nao walibadilishwa katika ndoa, na hilo halistahili kuliliwa. Ila unaonyesha kwamba mipaka ya fedha huwekwa na watu, kwa hiyo inaweza kuwekwa upya.

Bila mipaka, hata teknolojia iitwayo safi haituokoi. Gari la umeme halitoi moshi mjini Oslo, lakini zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, na huko Kolwezi mito na mapafu ya wachimbaji hulipia kile ambacho bei haikukihesabu.

Pwani yetu inao mfano wa mpaka wa namna hiyo, nao ni wakfu: mali haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi, kinachogawiwa ni manufaa yake tu. Kwa nini chemchemi au mikoko isilindwe vivyo hivyo? Nitaambiwa kuwa maskini anahitaji kipato, na kwamba huko Gazi, Kwale, mikoko imepona kwa kuuzwa: mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, huuza hati za hewa ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, na mapato yake husaidia maji na shule. Nauheshimu sana mradi huo. Lakini kinachouzwa pale ni manufaa. Msitu wenyewe haumo sokoni. Kama ungelindwa na bei peke yake, siku mwenye hoteli au mfugaji wa kamba akitoa zaidi, hesabu ileile ingeamuru shoka. Wengine watasema kuwa wakfu huporwa na wasimamizi wabaya. Ni kweli hutokea, na ndiyo sababu msimamizi lazima atoe hesabu hadharani kwa wanaonufaika, wakiwa na haki ya kumwondoa. Msitu uliokwisha kuuzwa hauna hata wa kumdai hesabu hiyo.