Mali ya Mtu na Maneno ya Watu

Tunajiuliza: je, serikali ina haki ya kuweka sheria juu ya maneno yanayosemwa katika mitandao kama Facebook, ambayo ni mali ya watu binafsi?

Wengine hujibu: mwenye nyumba ndiye anayeamua nani aseme humo. Lakini tukumbuke Rwanda mwaka 1994. Redio RTLM haikuwa ya serikali, ilikuwa ya wenye hisa. Hata hivyo ilichochea watu kuua jirani zao. Mwaka 2003 mahakama ya Arusha iliwahukumu waanzilishi wake wawili. Basi mali haimpi mtu ruhusa ya kuita damu ya mwenzake.

Je, tuiachie serikali yote? Hapana. Hapa kwetu Kongo, tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa kwa karibu majuma matatu. Wakubwa walisema wanazuia matokeo ya uongo. Lakini mwongo na mkweli walifungwa kinywa pamoja, hata mama aliyetaka tu habari za mwanawe aliye mbali.

Sheria ya haki hutaja kosa waziwazi na kumshika mkosaji peke yake. Tena humwachia hakimu kuamua, kwa maana mtawala mara nyingi ndiye anayesemwa, na mtu hawezi kuhukumu shauri lake mwenyewe. Sheria ya namna hiyo tuidai. Ile ya kunyamazisha wote tuikatae.